Vifaru kwa Ukraine, milioni 20 kwa jeshi la Kigali

Goma, tarehe 30 Januari 2023



Wiki iliyopita ilikuwa na siku tatu ambazo hatuwezi kuziacha zipite hivi hivi.

Siku ya pili, tarehe 24, jeshi la Rwanda lilipiga kombora ndege yetu ya kivita aina ya Sukhoi-25 hapa juu ya mpaka wa Goma na Gisenyi. Kigali ilisema ndege iliingia kwenye anga yake. Kinshasa ikasema hapana. Sisi tulikuwa barabarani, simu mkononi, tunaangalia moshi angani na kujiuliza itaanguka juu ya nyumba ya nani.

Siku ya tatu, tarehe 25, Ujerumani ilitangaza kwamba itaipa Ukraine vifaru 14 vya Leopard 2. Siku ile ile Marekani ikatangaza vifaru 31 vya Abrams. Uingereza ilikuwa imekwisha kutangulia, tarehe 14, na vifaru vyake 14 vya Challenger 2.

Siku ya ine, tarehe 26, M23 ikaingia Kitshanga. Bamama wakabeba watoto na magodoro wakaingia njiani. Wengine wakakimbilia pembeni ya kambi ya MONUSCO, wakilala chini ya anga.

Tangu siku hiyo, kila mahali tunapopita, kwenye kituo cha motari, kwenye foleni ya maji, kwenye vikundi vya WhatsApp, swali ni moja: juu ya nini Ukraine inapata vifaru na sisi tunapata komunike? Ni swali la haki. Lakini tumesikia pia majibu mabaya mengi, na njo maana tunaandika.

Tuanze na jambo moja, ili mtu asitusingizie. Sisi hatuna wivu na watu wa Ukraine. Nchi yao ilivamiwa tarehe 24 Februari 2022 na jirani mwenye nguvu anayesema kwamba ile si nchi ya kweli, kwamba mipaka yake ni makosa ya historia, kwamba anaingia kulinda watu wanaosema luga yake. Mtoto wa Rutshuru akisikia maneno hayo, hahitaji mkalimani. Tunayajua. Karibu watu milioni 8 wamekimbia Ukraine wakaingia nchi zingine za Ulaya. Tunajua pia namna mtu anavyofunga nyumba yake bila kujua kama atairudia. Mtu aliyevamiwa ana haki ya kujilinda, na anayemsaidia kujilinda hafanyi zambi. Kwa hiyo kama umekuja hapa kusoma kwamba Ukraine inyimwe vifaru sababu Congo haikupewa, umekosea mulango.

Tunachotaka kuonyesha ni kitu kingine: namna vifaru vile vilivyopatikana.

Kwa miezi mingi tuliambiwa haiwezekani. Leopard 2 ni kifaru cha Ujerumani. Nchi nyingi za Ulaya ziko navyo, karibu 2,000 kwa jumla, lakini hakuna inayoweza kuvigawa bila ruhusa ya Berlin, maana mkataba wa kuuza unasema hivyo. Poland ilitaka kutoa vyake, ikabidi iombe ruhusa. Kansela Olaf Scholz alikuwa anasita: aliogopa vita kupanuka, aliogopa Ujerumani kuonekana peke yake mbele. Tarehe 20 Januari nchi karibu 50 zilikutana kwenye kambi ya Ramstein, wakatoka bila jibu. Magazeti yakaandika kwamba Ulaya imegawanyika. Wataalamu wakaeleza kwamba vifaru hivi ni vizito, zaidi ya tani 60 kila kimoja, kwamba vinakunywa mafuta sana, kwamba Abrams ina injini ngumu kutengeneza, kwamba kufundisha watu wa kuviendesha ni kazi ya miezi.

Yote ile ilikuwa kweli. Na siku tano nyuma, vifaru vikapatikana. Vizito vile vile, vyenye injini ngumu vile vile. Hakuna kilichobadilika isipokuwa watu waliamua. Marekani ilikubali kutoa vyake ili Ujerumani isiogope kuwa peke yake, Ujerumani ikafungua mulango kwa wengine wote.

Basi hapo njo tumejifunza. Neno "ni ngumu" likitoka kwenye mdomo wa mkubwa, maana yake mara nyingi ni "hatujaamua". Miaka mingi sasa tunaambiwa kwamba Kivu ni ngumu. Ngumu kuelewa, ngumu kusuluhisha, makundi mengi, historia ndefu. Wapi! Kuna mambo yaliyo magumu hapa, tutayasema na sisi. Lakini kuna moja ambalo si gumu hata kidogo.

Jambo lenyewe ni hili. Umoja wa Ulaya uko na mfuko mmoja unaoitwa Mfuko wa Amani wa Ulaya. Ni mfuko huo unaorudishia nchi za Ulaya pesa za silaha zinazotolewa kwa Ukraine. Tarehe 23 Januari, siku mbili mbele ya vifaru kutangazwa, mawaziri waliongeza humo milioni 500 za yuro kwa Ukraine, jumla ikafika bilioni 3.6. Sawa, hatupingi.

Lakini tarehe 1 Desemba iliyopita, mfuko ule ule ulikubaliwa kutoa milioni 20 za yuro kwa jeshi la Rwanda.

Soma tena polepole. Sanduku moja. Mkono mmoja unalipa kumsaidia aliyevamiwa. Mkono mwingine unalipa jeshi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yao ya Desemba, wameandika kwamba linasaidia M23 na kwamba askari wake waliingia wenyewe kwenye udongo wa Congo. Na tarehe 31 Desemba, mwezi haujaisha tangu ile milioni 20, Umoja wa Ulaya ule ule ukatoa tangazo ukiiomba Rwanda iache kusaidia M23. Mdomo unakataza, mkono unalipa. Kigali inasikiliza nini kati ya hivyo viwili? Hata mtoto wa shule ya msingi atakujibu.

Watatujibu: pesa ile si ya Congo, ni ya Msumbiji. Ni ya kusaidia askari wa Rwanda waliotumwa Cabo Delgado kupigana na magaidi. Tunajua. Ndugu zetu wa Cabo Delgado waliteseka na wana haki ya kulala usiku. Tunajua pia kwamba kule kuna mradi mkubwa wa gesi wa kampuni ya Ufaransa, TotalEnergies, uliosimama mwaka 2021 juu ya vita, na kwamba amani ya kule inahesabiwa Ulaya kwa macho mengine kuliko amani ya Kitshanga. Lakini jeshi halina mifuko miwili ya suruali, mmoja wa Msumbiji na mwingine wa Kivu. Ukimlipia mtu kodi ya nyumba, pesa yake inabaki ya kununua kitu kingine. Na kuliko pesa, unampa cheti: wewe ni rafiki, wewe ni mshirika, endelea. Ni cheti hicho kinachotuua.

Hebu fikiria kinyume. Fikiria leo Ulaya inatoa milioni 20 kwa jeshi la Urusi, juu ya kazi linayofanya nchi ingine. Tuambie nani Berlin au Warsaw angekubali kusikia kwamba ile pesa haihusu Ukraine.

Na cha kushangaza ni hiki: tarehe 2 Machi 2022, wakati Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kulaani uvamizi wa Ukraine, nchi 141 zilisema ndiyo. Congo ilisema ndiyo. Rwanda pia ilisema ndiyo. Kigali ilinyoosha mkono New York kutetea mipaka ya watu wengine. Miezi mitatu nyuma, tarehe 13 Juni, Bunagana ikachukuliwa.

Sasa tugeuke tujiangalie wenyewe, maana komunike inayosema wazungu tu ni rahisi kuandika.

Kuna vijana wenzetu wanaosema: kama Magharibi hawatupi vifaru, twende kwa Putin. Tumeona bendera za Urusi kwenye maandamano. Ndugu, fikiria mara mbili. Unamwomba mtu aliyevamia jirani yake aje akusaidie juu jirani yako amekuvamia? Unapeperusha bendera ya yule anayefanya kule kile unacholilia hapa? Mwizi wa mtaa wa pili si polisi wa mtaa wako. Hasira yetu ni halali, lakini isitufanye wajinga.

Kuna wengine wanaosema: tatizo ni silaha tu, tupewe vifaru na vita vitaisha. Serikali yenyewe iliimba wimbo huo miaka yote: "embargo, embargo". Tuseme ukweli. Tangu mwaka 2008 serikali ya Congo haikukatazwa kununua silaha. Waliotuuzia walitakiwa tu kutoa taarifa mbele kwa kamati ya Umoja wa Mataifa. Na sharti hilo nalo lilitolewa tarehe 20 Desemba iliyopita. Vizuri, lilikuwa linaudhi. Lakini sasa kisingizio kimekwisha. Mwezi moja na zaidi umepita, na Kitshanga imeanguka.

Na vifaru? Wengi hawajui: Congo ilikwisha kununua vifaru vya vita kutoka Ukraine, tangu mwaka 2010. Ndiyo, Ukraine hii hii ambayo leo inaomba vya wengine. Tulikuwa navyo. Tarehe 20 Novemba 2012, M23 iliingia Goma. Waliokuwa na umri wakati ule wanakumbuka waasi wakitembea katikati ya mji kwa miguu, wakiwa wamevaa bote. Vifaru vya serikali havikuwazuia, sababu kifaru hakina moyo. Kinapigana kama askari aliye ndani amekula, amelipwa, ana mafuta, ana fundi nyuma yake, na ana mkubwa ambaye hajamuuza.

Halafu mwaka uliofuata, M23 ilishindwa. Jinsi gani? Kumbukeni vizuri, maana historia hii wanapenda tuisahau. Mwaka 2012 Marekani, Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Sweden walisimamisha sehemu ya misaada yao kwa Rwanda. Wakubwa wengine wa jeshi letu waliondolewa, na mbele wakawekwa watu kama Kanali Mamadou Ndala, aliyekuwa anakaa na askari wake kwenye mstari wa vita. Kikosi cha Umoja wa Mataifa cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kikasimama pamoja nao. Tarehe 5 Novemba 2013, M23 ikatangaza kwamba inaacha vita. Silaha zilihitajika, hatusemi hapana. Lakini kilichovunja M23 ni kwamba bomba la nyuma lilifungwa, na jeshi la mbele liliongozwa na watu wenye haya.

Juni iliyopita mkubwa wa MONUSCO, Bintou Keita, aliambia Baraza la Usalama kwamba M23 inapigana zaidi na zaidi kama jeshi la kawaida, na silaha za kisasa. Jeshi la kawaida linahitaji mtu wa nyuma. Funga nyuma, na mbele itapungua nguvu. Ulaya inalijua hilo: ni hesabu ile ile wanayofanya kwa Urusi, na vikwazo juu ya vikwazo.

Bado hatujamaliza na nyumba yetu. Wiki ile ile ya vifaru kulikuwa na habari nyingine kutoka Kyiv ambayo hapa haikusemwa sana. Gazeti moja la kule liliandika kwamba wizara ya ulinzi ilinunua chakula cha askari kwa bei ya juu kuliko dukani. Mayai, kwa mfano: yai la hryvnia 7 liliandikwa 17. Mayai tu! Tarehe 24 Januari naibu waziri wa ulinzi akaachia kazi, na siku hiyo wakubwa wengine wengi pia wakaondoka, wakiwemo magavana watano. Nchi iko katikati ya vita, makombora yanaanguka, na bado mtu anaulizwa juu ya bei ya yai la askari.

Na hapa? Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya état de siège tangu tarehe 6 Mei 2021. Magavana ni majenerali, mahakama za raia zilinyanganywa kazi, na sisi tunaouliza tunafungwa. Ni nani alianguka juu ya pesa za état de siège? Ni nani alianguka juu ya askari wa karatasi, wale wanaolipwa na hawaonekani? Askari wetu wa Masisi anakula nini leo asubui? Wengi wetu tuko na kaka au shemeji kwenye jeshi. Tunajua mushahara wake hauvuke tarehe 10. Tunajua anapoumia, ni familia inayochanga franga za dawa. Mtu huyo, ukimpa Leopard 2, atauza mafuta yake ili watoto wasome. Hatumtukani, tunamtetea.

Tena tuseme na barabara. Gari la viazi kutoka Kitshanga linakwama siku mbili kwenye matope kabla ya kufika Sake. Kifaru cha tani 60 kitapita wapi? Juu ya daraja la mbao? Serikali ingetengeneza njia hiyo miaka 10 iliyopita, leo tungekuwa na chakula cha bei ya chini na jeshi lingefika kwa wakati.

Kwa hiyo, hatuombi vifaru. Tunaomba mambo haya, na tunayaomba kwa jina la watu zaidi ya nusu milioni waliokimbia M23 na ambao wengi wao wanalala chini ya shitingi huko Kanyaruchinya na kwingine:

1. Umoja wa Ulaya usimamishe ile milioni 20 ya yuro, na usitoe ingine yoyote kwa jeshi la Rwanda hadi askari wake watoke Congo na M23 iache kila mahali ilipochukua. Hii haihitaji Ramstein. Haihitaji kufundisha watu miezi. Ni sahihi moja kwenye karatasi.

2. Wakubwa wanaoamuru vita hivi, wa upande wowote na wa cheo chochote, wawekewe vikwazo kwa majina. Ripoti ya wataalamu ipo, isomwe.

3. Serikali ya Kinshasa ionyeshe hadharani pesa za vita na za état de siège zimeenda wapi. Bunge liite wahusika, na kikao kionyeshwe kwenye televisheni. Mushahara wa askari ufike mkononi mwake, mzima.

4. Jeshi liache kushirikiana na makundi yenye silaha, FDLR ikiwa ya kwanza. Huwezi kulilia mvamizi mlangoni huku umemficha muuaji jikoni. Kila siku FDLR ikibaki, Kigali inapata neno la kusema.

5. Na kwetu sisi vijana: hakuna atakayegusa jirani yake juu ya pua yake au luga yake. Mtutsi wa Congo si M23. Mama anayeuza maziwa ya Masisi si Kigali. Anayewapa mapanga muwafukuze majirani anataka vita vidumu, maana vinamlisha.

Wengine watasema madai haya ni madogo mbele ya vita vikubwa. Hapana. Kufunga bomba la pesa kulisaidia kumaliza M23 ya kwanza. Tena hakumwagi damu ya mtu. Sisi ni harakati ya raia, hatubebi silaha na hatutabeba. Lakini kutobeba silaha si kunyamaza.

Kesho, tarehe 31, Papa anafika Kinshasa. Goma, iliyokuwa kwenye safari yake ya mwaka jana, iliondolewa juu ya usalama. Macho ya dunia yatakuwa Congo kwa siku chache. Wewe unayesoma hapa uko na kazi tatu wiki hii. Moja, tuma maandishi haya kwa rafiki yako aliye Ulaya, amuulize mbunge wake kuhusu ile milioni 20. Iko kwenye matangazo yao wenyewe, hawawezi kukataa. Mbili, ukipita Kanyaruchinya, usiende mikono mitupu, hata kilo moja ya maharagi. Tatu, mtu akikwambia kwamba shida ya Congo ni ngumu mno, muulize: ni nini hasa kilicho kigumu katika kuacha kumlipa anayetuvamia?

Sisi tumeuliza. Tunangoja jibu, na hatungoji tumekaa.